Mabati Waliyotaka Kumfunika Nayo Baba Yako

Wakuru, mama yangu,

Umekwenda mtaa wa Iringo kusukwa, na wale wasusi wako nawajua, hawakuachii kabla jua halijaingia ziwani. Kwa hiyo nina muda. Habari za chandarua, ndoo na unga wa muhogo sitaandika; una akili, na Tabora kuna maduka. Hata kusali sitakukumbusha. Nataka kuandika jambo ambalo kila nikitaka kulisema kwa mdomo najikuta nasugua sufuria ambayo tayari ni safi.

Ni habari ya ugonjwa uliomuua baba yako. Mwezi uliopita nilipokukataza hii kazi ya Tabora nilikwambia neno moja tu, mabati, ukanuna siku mbili. Ulikuwa na haki ya kununa. Neno moja halitoshi. Na kwenye msiba ulisikia maneno mengi na yote yalikuwa ya ovyo. Kifua kikuu. Karogwa. Sigara, mtu ambaye hakuvuta hata moja maishani mwake. "Mapenzi ya Mungu," alisema mzee mmoja wa kanisa huku anatafuna nyama ya msiba, nikatamani kumnyang'anya sahani. Mungu hakumpa mtu yeyote msumeno akamwambia akate bila kuziba pua.

Ugonjwa unaitwa mesothelioma. Wewe utalitamka vizuri kuliko mimi. Mimi nilijifunza kulitamka kwenye benchi la hospitali kule Mwanza, nalirudiarudia kwa sauti ya chini kama mtoto wa chekechea, kwa sababu nilishachoka kuulizwa "anaumwa nini hasa?" nikajibu "kifua", halafu mtu anasogeza kiti chake nyuma.

Ukinunua mapafu ya ng'ombe buchani, utaona yamefunikwa na utando mwepesi unaong'aa, mwembamba kuliko nailoni ya mkate. Na sisi tunao. Saratani ya baba yako ilianzia kwenye huo utando. Ukawa mnene, maji yakajaa pembeni yake, pafu likabanwa mpaka likakosa nafasi ya kutanuka. Kinacholeta ni asbesto, ile iliyochanganywa kwenye mabati ya kijivu yanayofanana na saruji, yaliyoezekwa kwenye shule na maghala ya zamani. Bati likiwa zima na halijaguswa, hatari yake ni ndogo. Likikatwa, likitobolewa au likivunjwa linatoa nyuzi ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona. Unazivuta, zinashuka, zinajichomeka huko na kukaa. Haziozi. Zinaweza kukaa kimya miaka ishirini, thelathini, hata arobaini, halafu siku moja unashindwa kupanda kilima ulichokuwa unakipanda na gunia begani.

Baba yako alianza kazi ya kuezeka akiwa kijana ambaye ndevu hazijamtoka vizuri. Kazi aliipenda, na hilo ndilo linalonichefua zaidi, kwamba kitu kile kilimpata kupitia kitu alichokipenda. Tukienda kwao Butiama, alikuwaga ananionyesha kwa kidole: paa la ile shule ni langu, na lile la zahanati. Alikuwa anakaa dirishani makusudi. Sasa nikipita njia ile nageuzia uso upande wa pili.

Alikata yale mabati kwa msumeno wa mkono, baadaye kwa mashine. Alikuwa anapuliza vumbi kwa mdomo ili auone mstari wa penseli. Nilimwona mwenyewe akipuliza. Nilikuwa nimempelekea chakula, nikasimama pale nacheka kwa sababu kope zake zilikuwa nyeupe kama za mzee.

Halafu ikaja kazi ya Bunda. Wewe ulikuwa hujaanza kutembea. Kulikuwa na ghala kuukuu la pamba nje ya mji, wakatakiwa watu wa kubomoa paa. Baba yako akaenda, akamchukua na mdogo wake, baba yako mdogo Manyama, awe anashusha na kubeba. Msimamizi wao alikuwa mtu wa kutoka mbali, mpole, anasalimia kila mtu kwa jina. Mpole kweli. Alikuwa anashinda ndani ya gari lake, vioo vimefungwa, na akitoka anavaa kifuniko cha pua cha mpira chenye vichujio viwili pembeni. Wao juu ya paa hawakuwa na hata kitambaa.

"Tulidhani anaringa," baba yako aliniambia. "Tulimpa jina, Mzee wa Pua. Tulikuwa tunamcheka, mama Wakuru. Tunarushiana lile vumbi kama watoto na unga."

Hayo aliniambia miaka mingi baadaye, hospitalini, na alicheka tena alipokuwa anasimulia, mpaka kicheko kikamgeukia kuwa kikohozi na nesi akaja kumwinua. Mimi sikucheka. Mpaka leo nikimfikiria yule mtu mpole kwenye gari lake, natema mate chini. Alijua. Angekuwa hajui ningemsamehe, maana sisi wote tulikuwa hatujui. Lakini mtu aliyefunga vioo alijua, akashusha kioo kidogo tu kuwaambia, "Vijana, harakisheni."

Ugonjwa ulianza na kilima. Tulikwenda Butiama kumwona bibi yako, na kile kilima cha kutoka barabarani kuelekea upande wa Mwitongo, ambacho alikipanda tangu utoto, kikamshinda. Akakaa juu ya jiwe. Akasema ni uzee. Nikasema uzee gani, jana ulikuwa unahesabika kijana. Tukacheka, tukasahau. Baadaye yakaja maumivu ya ubavu wa kulia, shati likaanza kumpwaya, usiku akawa analala ameketi.

Walipompiga picha pale tulipoanzia matibabu, wakaona maji upande wa pafu. Wakasema kifua kikuu. Makohozi hayakuonyesha kitu, lakini dawa akapewa, miezi, zinamtoa jasho na kumtia kichefuchefu, na maji hayapungui. Siwalaumu sana; huku kwetu maji ya pafu mara nyingi ndiyo hayo. Ninachokiona kibaya ni kwamba katika miezi yote hiyo hakuna mtu aliyemuuliza kazi yake. Waliandika "mkulima". Kila mwanaume wa Mara akiingia hospitali anaandikwa mkulima au mvuvi, basi, yameisha.

Nikatenga kikombe chake. Nilifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kile kikombe, wewe ulikuwa chuoni hukuona. Aliuangalia ule uzi, akanywa chai yake. Na ugonjwa wenyewe hauambukizi hata kidogo. Angeweza kunywa na sisi kikombe kimoja mpaka siku ya mwisho. Watu wa jumuiya nao walikuja kusali wakasimama mlangoni, wanaimba kuelekea ndani kama wanawaimbia ng'ombe zizini. Niliwaona wabaya. Kumbe na mimi na uzi wangu tulikuwa kundi moja.

Kisha Manyama akamchukua bila kuniambia, akampeleka kwa mganga upande wa Bunda. Sitaki kusema mengi. Yule mganga alimkata chale ubavuni, pale pale palipokuwa panauma, akampaka majivu, akamwambia kuna mtu wa ukoo amemfukia uchawi shambani. Wiki iliyofuata chale zilitoa usaha. Nilikuwa nakamua na maji ya chumvi, harufu imejaa chumba kizima, na baba yako ameuma shuka. Manyama amesimama nje anaona haya kuingia.

"Ingia uone," nikamwambia. "Ingia uone dawa yako."

"Shemeji, nilitaka apone."

"Ingia."

Hakuingia. Kesho yake nikauza cherehani yangu moja, tukaenda Mwanza.

Kule tulimkuta daktari mwanamke, mdogo kwa umri, anaongea polepole. Walimtoa maji upande ule kwa sindano na mrija. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yakajaza chupa moja, wakaweka nyingine. Baba yako alivuta pumzi ndefu ya kwanza baada ya muda mrefu, akalia kwa raha. Yule daktari akavuta kiti.

"Mzee, kabla ya kilimo, ujanani, ulifanya kazi gani?"

Baba yako akaniangalia kama ameulizwa habari ya hawara. "Nilikuwaga fundi wa paa."

"Mapaa ya nini?"

Akaeleza. Nilimwona yule binti anaacha kuandika. Walikata kipande kidogo cha ule utando kwenda kupima. Majibu yalipotoka alituita wote wawili, akafunga mlango, akatuambia jina. Baba yako akauliza kama inatoka. Akamjibu kweli: haitoki, imeshaenea, maji yatakuwa yanarudi na watayatoa, maumivu yana dawa, na asikubali mtu amwambie avumilie.

"Dada, asante," baba yako akasema. "Wewe ndiye wa kwanza hujanidanganya."

Tulimpeleka kwao Butiama kwa sababu ndiko alikotaka. Alikuwa na ile dawa ya maji ya maumivu, na kwa sehemu kubwa ilimsaidia. Nilitupa kile kikombe chenye uzi. Nilikuwa nakunywa kwenye chake, mbele ya watu, makusudi, nikiwatazama. Bibi yako alikuwa anamlisha uji kwa mkono wake mwenyewe kama amezaliwa jana. Baba yako alifariki asubuhi, ng'ombe wanatoka zizini, amekaa wima kwenye mito, maana kulala chali kulishamshinda. Ulikuja ukamzika, ukarudi kwenye mitihani yako. Kilichotokea baadaye hukukiona, na nimewaomba wote wasikwambie mpaka nikwambie mimi.

Siku tatu baada ya wewe kuondoka, tuko bado kwenye matanga, likaingia gari dogo la mizigo uani. Manyama amekaa mbele, amevaa koti. Amechangamka. Nyuma wamepakia mabati ya kijivu, makuukuu, yana ukungu mweusi mgongoni.

"Mama," akamwambia bibi yako, anaongea kwa sauti ili wote wasikie, "shule wameezeka upya. Kamati wamenipa haya bure. Tutamjengea kaka kibanda juu ya kaburi. Haya hayaozi, hayashiki kutu. Mvua haitamgusa."

Watu wakapiga makofi, Wakuru. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwalimu mmoja pale akasema ni wazo la heshima sana, kwamba fundi wa paa alale chini ya paa. Na vijana wakaanza kuyatupa chini kutoka garini, moja juu ya jingine, yanavunjika, pwaa, na vumbi jeupe linapanda kwenye jua la asubuhi, na watoto wa shangazi yako wanakimbilia kuchukua vipande.

Nilitapika. Nakwambia kama kilivyokuwa: niliinama nikatapika uji wote pale mbele ya wageni. Kisha nikapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Acheni! Watoto, tupeni! Rudini nyuma!"

Wakaja kunishika. "Uchungu," wanasema, "uchungu umempanda kichwani, mleteeni maji." Wakaleta ndoo. Nikainyang'anya ile ndoo nikaimwaga juu ya vile vipande. Nikaomba nyingine. Nikamwaga. Daktari alituambia likilowa vumbi halipandi.

"Shemeji, unatuaibisha," Manyama akasema. "Ni heshima ya kaka."

"Ndiyo yaliyomuua."

"Kaka kafa kwa kifua."

"Na kifua kimejaa nini? Kimejaa haya! Haya unayotaka kumfunika nayo! Kwani daktari alisema Kichina?"

Yule mwalimu akawa anaangalia viatu vyake. Wakati huo bibi yako akainuka kwenye mkeka. Unajua anavyotembea, anachukua muda. Akaja mpaka ukingoni mwa yale maji, akanyoosha fimbo.

"Ni haya?"

"Ni haya, mama."

"Yale aliyokuwa ananionyesha njiani?"

"Yale yale."

Akayatazama sana. Akatema mate. Akasema, "Asiguse mtu," akaondoka akaenda kuketi kwenye kaburi la mwanawe, na hakutaka kuongozwa.

Dereva wa gari alikataa kuyarudisha. Shule haikuyataka. Kamati wakasema wametoa msaada na sisi hatuna shukrani. Nikampigia bwana afya, akaja baada ya kusumbuliwa sana, akasimama mbali, barabarani kabisa, akaniambia kwa sauti kuwa yakikaa pale pale hayana tatizo. "Basi njoo karibu," nikamwambia. Hakuja. Miguu yake ilisema kweli kuliko mdomo wake. Ndiyo nikaanza kujifunza kitu: ukitaka kujua mtu anajua nini, angalia anaposimama.

Jioni ya siku yalipoletwa yale mabati, kabla hakujaingia giza, Manyama alinifuata jikoni. Lile koti amelivua. Akakaa kwenye kigoda cha watoto, magoti yamemfika kidevuni.

"Shemeji," akasema. "Mimi sikukataga. Nilibebaga tu. Kule Bunda."

Nikaendelea kupepeta mchele.

"Kubeba nako kuna shida?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Miezi yote ile, mganga, uchawi, kelele za kwenye msiba, mtu alikuwa anakimbia. Ikiwa kaka amerogwa, basi yeye ni mzima. Ikiwa ni yale mabati, na yeye alikuwa pale, mdogo kuliko wote, anacheka, anarushiwa unga. Nilikuwa nimemchukia vizuri, Wakuru, chuki iliyokaa sawasawa kama nguo iliyopimwa, na akaniharibia kwa swali moja.

"Sijui," nikamwambia. "Wengi wanaovuta lile vumbi hawaumwi. Wengine wanaumwa. Nenda kapigwe picha, na uwaambie ulifanya kazi gani."

Alilia pale kwenye kigoda. Sikumbembeleza, sitakudanganya. Nilimpa chai.

Yeye ndiye aliyekwenda wilayani siku baada ya siku mpaka wakamchoka, wakamwonyesha mahali pa kufukia. Tuliyalowesha yale mabati, tukayafunga kwa nailoni nzito mara mbili, hatukuvunja hata moja zaidi, yakapelekwa yakazikwa kwenye shimo refu mbali na visima. Picha yake ya mwaka huu ni safi. Daktari alimwambia safi ya leo haimkingi mtu kesho, kwa hiyo atarudi kila mwaka. Anarudi. Anaogopa kama mtoto kila mara, na mke wake anamsindikiza.

Sasa sisi wawili.

Kila Jumamosi baba yako aliporudi nyumbani Kigera kutoka kwenye lile ghala, alikuwa mweupe kama mtu wa mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa nakung'uta zile nguo uani kabla ya kuziloweka, nazipiga ukutani, na wewe uko mgongoni mwangu. Na kabla sijamvua shati wewe ulikuwa umeshanyoosha mikono. Alikuwa anakuchukua hivyo hivyo. Ulikuwa unapenda kusugua uso kifuani kwake ukilala. Nilikuwa nawaangalia nikasema moyoni, hii ndiyo nyumba niliyoomba.

Nilimuuliza yule daktari, siku baba yako amelala. Akaniambia ndiyo, imewahi kutokea kwa wake na watoto wa mafundi, kupitia nguo. Akaniambia pia kwamba uwezekano ni mdogo na nisiishi kama mtu aliyehukumiwa. Yote mawili ni kweli, na nimekaa nayo peke yangu muda huu wote kwa kuwa sikutaka uyabebe ukiwa na mitihani. Sasa umemaliza mitihani. Mimi napigwa picha kila mwaka na Manyama, kwenye foleni moja. Wewe bado kijana, lakini popote utakapougua kifua, hata ukiwa bibi kizee, usisubiri waulize. Waambie baba yangu alikuwa fundi wa paa za asbesto na alinibeba na nguo za kazi. Na sigara usiiguse. Haileti ugonjwa huu, lakini ikikutana na lile vumbi inaita saratani nyingine ya pafu.

Uliponuna ile mara, siku ya pili ulisimama mlangoni ukaniambia, "Mama, wanaondoa mapaa ya shule kumi na kitu. Nisipokwenda mimi, atasimama pale mtu asiyejua." Nilikujibu vibaya. Nilisema acha asimame. Kisha nikawafikiria hao vijana wa Tabora watakaopanda juu, watakaotaniana, na wake zao na mabeseni yao. Sikulala vizuri.

Nenda, mama yangu. Utakuwa fundi sanifu, utasaini karatasi, watakuita injinia hata kabla hujawa, na mtu mpole atakuja kukuambia kuwa kulowesha kunachelewesha kazi, kwamba vifuniko vya pua vya maana ni ghali, na barakoa ya kitambaa inatosha. Haitoshi. Ukiona wanakata pakavu, simamisha kazi. Watakuchukia, nimechukiwa kwenye matanga ya mume wangu mwenyewe na bado nakula ugali.

Na wakikufukuza kwa sababu hiyo, panda basi urudi Musoma. Sitakuuliza swali hata moja. Nitafungua geti, nitakutengea maji ya kuoga, na kesho yake tutakwenda wote wawili kwa hao waliokufukuza, mimi ndiye nitakayeongea.

Mama yako